Mtu mzima aingie changamoto ya kusoma kama msomaji, si kama msimamizi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kwamba changamoto za kusoma vitabu vya vijana ni mchezo wa kuhesabu tu, na kwamba mtu mzima anayejiunga nazo anapoteza muda ambao angeutumia kwa vitabu vya watu wa umri wake. Kuna jambo katika barua yake ninalokubaliana nalo, na nitalifikia. Lakini hilo la pili siwezi kulinyamazia, kwa sababu mtu mzima anayemsema ni mimi.

Mimi ni fundi cherehani. Mwaka huu nimo katika changamoto ya kusoma pamoja na binti wa kaka yangu ambaye ninamlea, rafiki zake kadhaa wa darasani, baba wa mmoja wao ambaye ni dereva wa lori, na mwalimu mstaafu ambaye ni jirani yetu. Tunakutana mara moja kwa mwezi katika chumba changu cha kushonea, mashine zikishafunikwa. Hakuna aliyetutuma na hakuna zawadi. Binti ndiye aliyelileta wazo hili nyumbani, akaniambia, “Shangazi, na wewe uchukue kadi.” Nikachukua.

Kwa wasioijua changamoto ya namna hii, yenyewe haina maajabu. Watu wanakubaliana muda, kisha wanapanga orodha ya vipengele, na kila kipengele kinataka kitabu cha aina yake. Kwetu mwezi mmoja ni wa kitabu kilichoandikwa na mtu ambaye naye bado alikuwa kijana. Mwingine ni wa kitabu chenye wasimulizi wawili. Kuna mwezi wa riwaya iliyoandikwa kwa mashairi, mwezi wa kitabu cha Kiswahili, mwezi wa kitabu kilichotoka kabla hujazaliwa, na mwezi mmoja mgumu kuliko yote, wa kitabu ambacho mwenzako anakipenda na wewe hukutaka hata kukigusa. Ukimaliza unajaza kadi: jina la kitabu, mwandishi, siku uliyoanza na siku uliyomaliza, na sentensi moja uliyoinakili kutoka humo humo kitabuni pamoja na namba ya ukurasa. Maoni yako hayaandikwi. Maoni unakuja nayo mdomoni.

Vitabu vya vijana ni vile ambavyo wachapishaji na wakutubi kwa kawaida huviweka kwa wasomaji wa miaka 12 hadi 18. Mhusika mkuu anakuwa na umri huo huo, na mambo tunayaona kwa macho yake. Hakuna mzee aliyekaa pembeni anayeujua mwisho wake. Hapo ndipo watu wanapokosea wakidhani ni vitabu vyepesi. Lugha yake mara nyingi ni nyepesi kweli, lakini yanayosemwa humo ni kifo, njaa, mapenzi ya kwanza, mzazi aliyetoweka, rafiki aliyesaliti. Na msomaji hapewi mtu mzima wa kumshika mkono. Anayapitia yote pamoja na mtoto wa miaka kumi na minne ambaye hajui kesho itakuwaje.

Naomba nikupe mfano, maana maneno ya jumla hayatamridhisha mwenzangu. Kwa kipengele cha mwandishi kijana tulisoma The Outsiders, riwaya ya Mmarekani S. E. Hinton. Alianza kuiandika akiwa na miaka 15, na ilipochapishwa mwaka 1967 alikuwa na miaka 18. Jina lake lilichapwa kwa herufi za mwanzo tu, ili wahakiki wa kiume wasikikatae kitabu cha magenge ya wavulana kwa sababu kimeandikwa na msichana. Wasichana wetu walipolijua hilo walikishika kitabu kwa namna nyingine kabisa. Mmoja wao ambaye huandika hadithi kwenye daftari na hamwonyeshi mtu, mwezi uliofuata alikuja na daftari lake.

Msimulizi wa kitabu hicho, Ponyboy, ana miaka 14. Wazazi wake wamekufa katika ajali ya gari, na anayemlea ni kaka yake mkubwa, Darry, ambaye naye ana miaka 20 tu. Usiku mmoja Ponyboy anachelewa sana kurudi. Darry anampiga kofi, na mtoto anakimbia kutoka nyumbani. Karibu mabaya yote yanayofuata yanaanzia pale.

Mimi nilikuja kikaoni nimemkasirikia Darry. Nikasema wazi kwamba mtu aliyepewa mtoto wa kulea hana ruhusa ya kumfukuza kwa mkono wake. Dereva akaniunga mkono. Ndipo binti wa kaka yangu, ambaye huwa hasemi mpaka wengine wamalize, akatuambia tumemwonea Darry. Akatukumbusha kwamba aliacha masomo ili afanye kazi, na kwamba wadogo zake wakiharibu chochote serikali itakuja kuwachukua. “Alikuwa amekaa macho anasubiri,” akasema. “Hakukasirika, aliogopa. Mtu akikulea bila kukuzaa anaogopa mara mbili.”

Mhariri, ninaishi na mtoto huyu. Tumezungumza mengi ya shule, ya nguo, ya afya, ya wakati wa kurudi nyumbani. Lakini hilo la kuogopa mara mbili sikujua kwamba ameshaliona kwangu. Asingeweza kuniambia moja kwa moja, na mimi nisingejua jinsi ya kumuuliza. Alimtetea Darry, na mimi nikasikia. Vikao vyote vya kifamilia nilivyopata kukaa havijanipa kitu kama kile.

Sasa nieleze kwa nini nasema kwamba ushiriki wa mtu mzima ndio kiini cha jambo hili. Mwalimu wetu mstaafu, mtu ninayemheshimu sana, mwanzoni alikuwa akifungua kila kikao kwa kuuliza hadithi imetufundisha nini. Ni swali zuri, na amelifundisha kwa miaka mingi kwa mapenzi. Lakini kila alipoliuliza vijana waliinamisha vichwa, na jibu lililotoka lilikuwa lile lile: tuwe wavumilivu, tuwaheshimu wakubwa, tuepuke makundi mabaya. Walikuwa wakijibu mtihani. Siku moja mmoja wa wavulana akamwomba kwa adabu, “Mwalimu, na wewe tuambie kwanza umependa wapi.” Mwalimu akafikiri, akafungua kitabu, akasoma ukurasa mzima kwa sauti, kisha akatueleza habari ya kaka yake ambayo hatukuwa tumeisikia. Tangu siku ile tuna sheria, na yeye mwenyewe ndiye aliyeipendekeza: hakuna anayeruhusiwa kuuliza swali ambalo jibu lake tayari analo.

Hiyo ndiyo tofauti kati ya msimamizi na msomaji. Msimamizi ameshika orodha, anatazama nani amemaliza na nani hajamaliza, anauliza maswali ya kuthibitisha. Msomaji naye ana kadi, naye amekwama ukurasa wa themanini, naye hajui nani ataaminika mpaka sura ya mwisho. Vijana wanaitambua tofauti hiyo mara moja. Mzazi anayemwandikisha mtoto wake kwenye changamoto na yeye mwenyewe asisome amempa mtoto kazi nyingine ya nyumbani, hata kama nia yake ni njema.

Na wala sisi si watu wa ajabu. Mwaka 2012 kampuni ya Bowker, iliyokuwa ikifuatilia soko la vitabu Marekani, ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 55 ya wanunuzi wa vitabu vilivyotengwa kwa vijana wa miaka 12 hadi 17 walikuwa na umri wa miaka 18 au zaidi, na kundi kubwa kati yao lilikuwa la watu wa miaka 30 hadi 44. Walipoulizwa, asilimia 78 ya vitabu hivyo walisema wamejinunulia wasome wenyewe, si zawadi kwa mtoto. Wengine wanasema hiyo ni dalili ya watu wazima kukataa kukua. Mimi naona sababu iko karibu zaidi. Wengi wetu umri ule tuliupita mbio. Mimi niliingia kwenye ufundi mapema, na nilipokuwa na miaka kumi na mitano hakukuwa na mtu wa kuniambia kwamba hasira niliyokuwa nayo, na aibu, na ile hamu ya kwenda mahali nisipopajua, ni vitu ambavyo mtu mwingine naye amevipitia na kuviandika. Nikivisoma sasa sirudi utotoni. Namwelewa yule msichana niliyekuwa, na kwa hiyo namwelewa zaidi huyu niliye naye nyumbani.

Sasa nije kwenye lile ninalokubaliana na mwenzangu, yaani kukimbiza idadi. Ni kweli, na nimeliona kwetu. Changamoto nyingi zinapangwa kwa hesabu: vitabu ishirini, hamsini, mia kwa mwaka. Mtu akiona namba anaanza kutafuta vitabu vyembamba, anaruka maelezo, anasoma mazungumzo tu, anafunga, anashika kingine. Nimemwona msichana mwenye akili nzuri akimaliza riwaya mbili ndani ya siku mbili, kisha asiweze kutuambia mhusika aliondoka nyumbani kwa sababu gani. Hakuwa mvivu. Alikuwa ametii kile tulichompa kama kipimo. Kumpima msomaji kwa wingi wa vitabu ni sawa na kunipima mimi kwa wingi wa nguo zilizotoka mlangoni bila kuzigeuza ndani kutazama mishono.

Kwa hiyo namba tuliifuta. Ilifutika kwa ubishi mkubwa, na ubishi wenyewe ulianzishwa na kitabu. Kwa kipengele cha riwaya ya mashairi tulichagua Long Way Down ya Jason Reynolds, iliyotoka mwaka 2017. Kijana wa miaka 15, Will, amempoteza kaka yake kwa risasi. Mtaani kwake kuna sheria tatu zinazorithiwa: usilie, usimtaje aliyeua, lipiza. Anachukua bastola, anaingia kwenye lifti kushuka chini. Lifti inasimama kila ghorofa, na kila inaposimama anaingia mtu aliyekwisha kufa kwa risasi. Safari nzima ni ya sekunde kama sitini, na kitabu kina kurasa zaidi ya mia tatu, lakini ukurasa mmoja unaweza kuwa na mistari minne tu, na nyeupe tupu chini yake.

Mvulana mmoja katika kundi letu, ambaye miezi yote ya mwanzo alikuja na kadi tupu, alikimaliza kwa jioni moja. Wenzake wakasema hicho hakihesabiki, maneno yenyewe ni machache. Yeye hakubishana sana. Alisema tu kwamba amekisoma mara mbili, na mara ya pili amekisoma polepole kuliko kitabu chochote alichopata kusoma, kwa sababu zile nafasi nyeupe zinamzuia mtu kukimbia. Kisha akatusomea kipande ambapo anaingia msichana aliyekuwa rafiki wa Will utotoni, aliyekufa akiwa na miaka minane kwa risasi ambayo haikumlenga yeye. Akasoma bila kujikwaa. Baba yake, yule dereva, alikuwa amekaa pembeni ya meza ya kukatia, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mwanawe akisoma kitu kwa sauti kwa hiari yake.

Baada ya hapo nani angesema hakihesabiki? Tukakubaliana kwamba kipimo ni kuja na sentensi uliyoinakili na uweze kusema kwa nini ni hiyo na si nyingine. Mtu akileta sentensi ya ukurasa wa kwanza kila mwezi, tunajua. Hatumwaibishi, tunamuuliza tu kitabu kilimchosha wapi.

Tukakubaliana pia kwamba kitabu kinaweza kuachwa. Hili lilileta wasiwasi kwa sisi wakubwa, tuliolelewa kuamini kwamba ukianza lazima umalize. Mwalimu ndiye aliyetusaidia. Alituambia habari za Daniel Pennac, mwandishi wa Ufaransa aliyekuwa mwalimu pia, ambaye mwaka 1992 aliandika haki kumi za msomaji, na kati yake imo haki ya kutomaliza kitabu na haki ya kukirudia. Kwetu sharti ni kusoma kurasa hamsini kwanza, kisha uje utuambie umeachia wapi na kwa nini. Maelezo ya vitabu vilivyoachwa yamekuwa kati ya mazungumzo yetu matamu zaidi. Mara mbili tatu mwingine amekichukua kile kilichoachwa ili aone mwenyewe, akakimaliza na kuja kukitetea.

Baada ya swali la namba na la vitabu vinavyoachwa, la tatu lilinihusu mimi: je, kusomewa ni kusoma? Sehemu kubwa ya vitabu vyangu nimesomewa. Kazi za mkono, yaani vifungo na pindo za kufichwa, sasa naziweka jioni kwa makusudi, kwa sababu mashine ikilia sisikii kitu. Binti anakaa kwenye kigoda karibu na taa, anasoma, mimi natia vifungo. Kitabu kikiwa cha Kiingereza kigumu ananifafanulia palipo na haja. Akichoka nampa sindano, nasoma mimi. Kuna aliyeuliza kama hiyo ni kusoma kweli. Jibu langu ni kwamba msomewa hawezi kuruka ukurasa. Kila neno linampitia, hata yale ambayo macho yake yangeyakwepa. Na msomaji naye anajulikana kwa sauti yake mahali anapoogopa, mahali anapotaka kucheka, mahali anapotaka kuacha. Nimejua mengi ya binti huyu kwa kusikiliza anavyosoma.

Baadhi ya vitabu vinajigawa vyenyewe kwa watu wengi. Monster ya Walter Dean Myers, iliyotoka mwaka 1999 na kuwa ya kwanza kupata Printz, tuzo ya Marekani ya vitabu vya vijana, mwaka 2000, ni habari ya kijana wa miaka 16 aliyeshtakiwa kwa mauaji, naye anaiandika kesi yake kama muswada wa filamu. Tuligawana sehemu. Dereva akawa mwendesha mashtaka, na aliifanya kazi hiyo kwa ukali hata vijana wakamwomba apunguze. Noughts & Crosses ya Malorie Blackman, ya mwaka 2001, ina wasimulizi wawili wanaopokezana, msichana na mvulana kutoka pande mbili za jamii iliyogawanyika kwa rangi, ambako weusi ndio wenye mamlaka. Hicho tulikisoma kwa mafungu, nusu yetu tukimfuata Sephy na nusu Callum, na kikaoni kila upande ukawa unalaumu mwingine.

Lakini Mhariri, mwezi ulionigusa zaidi ni wa Kiswahili, na hapa ndipo nina ombi.

Orodha ya vitabu vya Kiingereza tuliyoletewa na vijana ilikuwa ndefu. Ya Kiswahili ilikuwa fupi, na karibu kila jina lililotajwa lilikuwa kitabu cha shule. Tulichagua Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, ambamo kijana Kongowea Mswahili anaondoka Tanga baada ya kufiwa na mama yake, Zainabu Makame, kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Tulikuwa na nakala moja ya kuaminika, nyingine ilikosa kurasa za mwisho. Ikazunguka mkono kwa mkono, kila mtu na siku zake. Vijana wawili walikuwa wameshakisikia kwa dada zao kama kitabu cha mtihani, wakakiogopa. Mmoja alipomaliza aliniambia ni mara ya kwanza kusoma riwaya ya Kiswahili bila kuwaza maswali yatakayotoka. Alikuwa na furaha, lakini mimi nilisikitika. Mtoto amezaliwa ndani ya lugha hii, anacheka na kugomba nayo, na riwaya zake amezijua kama mahali pa kuchota alama!

Kisha ukaja ubishi juu ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971. Mwalimu alisema ni kitabu cha watu wazima, tena kiliwahi kupigwa marufuku shuleni. Wasichana wakasema Rosa ni mwanafunzi, yanayompata yanawapata wanafunzi, basi ni cha nani kama si chao? Dereva akaomba akisome yeye kwanza kabla binti yeyote hajakigusa, na kwa kuwa ni mzazi tukampa. Alikirudisha kimya. Kikaoni hakuzungumza juu ya Rosa, alizungumza juu ya Zakaria, baba yake, anayempiga binti kwa sababu ya barua ya mvulana. Alisema anamjua mtu yule, anajua anavyofikiri, na kwamba kitabu kimemwonyesha kipigo kile kilimfikisha mtoto wapi. Kisha akasema kwamba kwa upande wake wakubwa katika vijana wetu wakisome, ila wasikisome peke yao. Ndivyo tulivyofanya, na mazungumzo yaliyofuata yalikuwa ya uzito ambao sina haja ya kuuweka gazetini, maana ni ya watoto wa watu.

Wachapishaji wetu nawaambia kwa heshima kwamba wasomaji wapo. Wanataka riwaya ya Kiswahili ya msichana anayechunguza wizi, ya mvulana anayehamia shule mpya, ya marafiki waliopotea safarini, ya mapenzi ya kwanza yasiyoisha kwa adhabu. Wanataka kitabu cha kurasa mia mbili chenye herufi zinazosomeka na jalada la kuvutia, kisicho na maswali ya marudio mwishoni mwa kila sura. Na waandishi wetu chipukizi wasingoje kuzeeka. Hinton hakungoja.

Wakutubi nao nawaomba wasishangae mtu wa umri wangu akisimama kwenye rafu ya vijana. Kuna mahali nimeulizwa kama mtoto wangu yuko wapi aje achague mwenyewe.

Na wewe Mhariri, ombi langu ni dogo. Gazeti lako lina kurasa za michezo, za biashara, za urembo, na nazisoma zote. Tengeni safu moja, hata kama ni mara moja kwa mwezi, ambapo wasomaji wataleta taarifa za vitabu vya vijana walivyosoma, kijana na mtu mzima wakiandika juu ya kitabu kimoja, kila mmoja na lake. Mwezi mmoja mtangaze kipengele, mwezi ufuatao mchape majibu. Tafadhali msiweke zawadi ya aliyesoma vingi. Msomaji mwenzangu ninayemjibu namkaribisha tuanze naye: achague kitabu ambacho anaamini hakimfai mtu mzima, nitakisoma mpaka mwisho na kuandika, naye aandike juu ya chochote nitakachomchagulia.

Kwa kila kitabu maneno mia mbili yanatosha. Ila jina la mwandishi, la mchapishaji na mwaka wa toleo visikosekane, kwa sababu hayo ndiyo wasomaji watakayohitaji kwanza wakienda kutafuta nakala.

Wako,
Fundi cherehani, msomaji wenu wa siku nyingi